Glenfarclas ya miaka 25: tuliichangia watu watano, na hivi ndivyo tulivyoiona

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kabla ya ladha. Chupa moja ya wiski ya Glenfarclas ya miaka 25, mililita 700, ilitusimamia shilingi milioni moja na laki tatu na kitu hapa Kampala. Na hiyo ni chupa iliyokuja mkononi mwa abiria, haikupita bandarini. Kwa pesa hiyo nyumbani Tororo nanunua fahali na chenji ya kamba inabaki. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuinunua peke yake. Tulichanga watu watano: mimi, Daktari, Mwalimu, Fundi wa jenereta, na shemeji yangu ambaye kazi yake hasa sijawahi kuielewa ila siku ya mchango hakosi pesa.

Mimi ni wakala wa forodha. Miaka mingi nimeshinda Malaba nikikimbizana na makaratasi ya malori, siku hizi nakaa zaidi ofisini Kampala. Kwa hiyo nikiona chupa ya pombe kali dukani, macho yangu huanza kuhesabu: ushuru wa forodha, juu yake ushuru wa bidhaa, juu ya vyote hivyo VAT ya asilimia 18, halafu mwenye duka ana pango, ana mlinzi, ana umeme. Simlaumu kwa bei yake. Lakini sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu abiria mtu mzima kuingia na lita moja ya pombe kali bila kuilipia ushuru, na chupa ya mililita 700 inakaa humo bila kubanwa. Mpwa wa Daktari alikuwa anarudi likizo kutoka London, tukamtumia pesa. Lita moja, lakini, ni lita moja, si chupa tatu zilizoviringishwa ndani ya jinzi. Hizo nimeziona zikitolewa mezani pale Entebbe, mwenyewe akiapa kwamba ni dawa ya mgongo.

Kuichagua kulitugombanisha. Shemeji alitaka Johnnie Walker Blue Label kwa sababu ya boksi. Fundi alitaka Glenfiddich kwa sababu anaijua, na kwa kuwa alikuwa amesoma mahali kwamba hiyo na Glenfarclas zote ni za akina Grant, akadhani ni mamoja. Si mamoja. Akina Grant wa Glenfiddich ni wengine, na hawa wa Glenfarclas ni wengine. Kampuni ya hawa inaitwa J. & G. Grant na haina undugu wa biashara na wale. Mimi nilishikilia Glenfarclas kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ni moto.

Hapa itabidi mnivumilie kidogo. Shangazi yangu aliyenilea kwenye kota za reli Tororo alipika enguli, pombe kali yetu ya kienyeji. Hilo si siri, nusu ya wanafunzi wa mtaa ule walilipiwa ada na enguli. Alikuwa na pipa la chuma juu ya mafiga matatu, bomba la shaba lililopita katikati ya mtumbwi mbovu uliojazwa maji, na jerikani mwishoni. Chini ya pipa kuni za mwembe, taratibu. Alikuwa na sheria mbili ambazo ukizivunja unachapwa. Ya kwanza: machicha yachujwe kabisa kabla ya kumiminwa kwenye pipa, kwa sababu yakishika chini yanaungua na mapishi yote yananuka. Ya pili: kinachotangulia kutoka hakinywewi. Hicho alikiweka kando kwenye chupa ya soda na kumpa fundi baiskeli wa kusafishia minyororo. Cha katikati ndicho alichouza. Cha mwisho, kilichoanza kunuka mabua, alikirudisha kwenye pipa kwa mapishi yajayo.

Sasa nendeni Ballindalloch, kwenye bonde la mto Spey huko Scotland, chini ya mlima Ben Rinnes wenye mita 840 hivi, ambako kiwanda hiki huteka maji ya chemchemi zake. Mtaona mambo yale yale kwa ukubwa mwingine. Vyungu vya shaba viko sita, na ni vikubwa kuliko vya viwanda vyote vya Speyside. Viwanda karibu vyote vya Scotland leo vinachemsha kwa mvuke unaopita kwenye mabomba ndani ya chungu; ni safi, ni rahisi, hakuna kinachoungua. Glenfarclas bado wanawasha moto wa gesi moja kwa moja chini ya matako ya chungu. Na kwa kuwa machicha hushika hata Scotland, ndani ya vyungu vya mpiko wa kwanza kuna minyororo ya shaba inayozungushwa kwa mtambo, inakwaruza chini muda wote pombe inapochemka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijaribu mvuke kwenye chungu kimoja. Kilichotoka hakikuwa Glenfarclas, kilikuwa chepesi, hakina mwili. Wakang'oa mabomba, wakarudi kwenye moto, na gharama yake wanaibeba mpaka leo.

Na ile sheria ya pili ya shangazi? Wao wanaifanyia kwenye sanduku la shaba na vioo, limefungwa kufuli, ambamo mkondo wa pombe unapita mpishi akiutazama kwa macho na kuupima bila kuugusa. Kichwa huku, moyo huku, mkia unarudi kupikwa. Kufuli ilikuwa ya serikali. Kwa miaka mingi funguo zake alishika afisa wa ushuru aliyekaa pale pale kiwandani, asije mtu akajichotea kabla kodi haijahesabiwa. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu ofisini. Kumbe jamaa zangu wa kazi wako kila mahali palipo na pombe.

Ukitaka kulinganisha zaidi, linganisha sheria. Waskochi nao walikuwa wapikaji wa kujificha mabondeni, mpaka sheria ya ushuru ya mwaka 1823 ilipofanya leseni iwe kitu ambacho mkulima anaweza kukimudu. Glenfarclas ilipata leseni yake 1836. Sisi tulipata sheria yetu ya Enguli mwaka 1965, nayo ilitaka leseni vilevile, lakini leseni ile haikumfikia mwanamke wa kota za reli. Pombe ya viwandani ikapata chupa na jina zuri, Uganda Waragi, ambayo siidharau hata kidogo. Shangazi akapata polisi wa kumwaga pipa. Naamini kabisa kwamba angeachiwa miaka 180 na leseni, leo mngekuwa mnasoma habari zake.

Basi, moto. Kwa nini nautilia mkazo hivyo kwenye chupa ambayo lebo yake inajisifia miaka? Kwa sababu miaka peke yake haitengenezi kitu. Moto wa moja kwa moja unaichoma kidogo pombe pale chini, na kinachotoka ni kizito, kina mafuta, kina harufu ya kitu kilichookwa. Pombe nzito ya namna hiyo ndiyo inayoweza kukaa robo karne ndani ya mbao na bado ikaonekana. Ukilaza pombe nyepesi miaka 25 kwenye pipa lenye nguvu, utakachokunywa ni pipa. Nimewahi kuonja wiski ya umri huo, jina lake naliacha, katika harusi ya mtu mwenye pesa pale Munyonyo: ilikuwa chai ya magome. Kwa hiyo mtu akikutajia umri wa wiski, muulize kwanza imepikwa vipi na imelala ndani ya nini.

Hii imelala kwenye mapipa ya sheri, ule mvinyo wa Jerez huko Hispania unaoongezwa pombe kali, hasa ule aina ya oloroso ulioachwa upigwe na hewa mpaka ukawa na rangi ya kahawa na ladha ya kokwa. Mapipa ni ya mwaloni. Yanawekwa kwenye maghala ya mtindo wa zamani: kuta za mawe, paa la vigae vya mawe, sakafu ya udongo, na safu hazizidi tatu kwenda juu. Humo hewa ni baridi na ina unyevunyevu mwaka mzima. Rangi yote iliyomo kwenye chupa imetoka kwenye mbao. Sheria ya Scotland inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa, na wengi wanaiongeza ili chupa zote dukani zifanane; hawa hawaongezi.

Sheria hiyo hiyo inasema mambo mengine ambayo mnunuzi wa Kampala anafaa kuyajua. Wiski haiitwi Scotch mpaka ilale miaka 3 kwenye pipa la mwaloni ndani ya Scotland, na isishuke chini ya asilimia 40. Ili iitwe single malt lazima iwe ya kimea cha shayiri peke yake, kutoka kiwanda kimoja. Na umri wa kwenye lebo ni umri wa tone changa kuliko yote yaliyomo. Miaka 25 maana yake hakuna humo kilicho chini ya miaka 25, huenda kukawa na cha zaidi. Ikishatiwa kwenye chupa, saa imesimama: chupa ambayo mzee wako aliinunua ikiwa ya miaka 12 akaificha kabatini tangu enzi za Obote bado ni ya miaka 12.

Sasa hesabu, maana bila hesabu ile bei mtaiona ya kihuni. Pipa la mwaloni linapumua. Huko Scotland hupoteza kama asilimia 2 kila mwaka kwa kuvukiza. Chukua pipa kubwa la sheri la lita 500. Punguza asilimia 2, kisha asilimia 2 ya kilichobaki, endelea hivyo mara 25: unabaki na lita 300 na kidogo. Karibu lita 200 zimekwenda hewani, na wakati wote huo umelipa mlinzi, umelipa bima, umefunga mtaji. Pesa iliyowekwa mwaka uliomzaa mtoto, inarudi akiwa amemaliza chuo. Jamaa wa Amrut kule Bangalore, India, wanaolaza wiski kwenye joto linalokaribia letu, hupoteza asilimia 10 na zaidi kwa mwaka. Fanya hesabu ile ile kwa asilimia 10: baada ya miaka 25 pipa la lita 500 linabaki na lita 36. Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu Busia ya upande wa Kenya mpaka akastaafu, aliipiga upya kwenye kikaratasi kwa sababu hakuniamini. Ikatoka hivyo hivyo. Kwa hiyo yeyote anayetaka kujenga ghala la wiski ya miaka 25 Jinja, namtakia kila la heri na nampa namba ya duka la matenki.

Historia ya familia nitaipitia haraka, ingawa kuna kipande kimoja kilichonigusa. John Grant, mkulima na mfugaji, alinunua kiwanda mwaka 1865 kwa pauni 511 na shilingi 19. Kwanza hakukiendesha mwenyewe, alimkodisha John Smith, ambaye baadaye alikwenda kuanzisha kiwanda cha Cragganmore mwaka 1869. Miaka ya 1890 familia ikaingia ubia na kampuni ya akina Pattison, wachanganyaji wa wiski waliojulikana kwa matangazo makubwa kuliko mtaji. Mwaka 1898 Pattison wakaanguka, wakaanguka na watu wengi. Akina Grant walibaki na madeni, wakauza mapipa, wakabana matumizi miaka na miaka mpaka wakayamaliza. Tangu hapo hawajamkaribisha mbia mwingine. Mwenye kuwahi kufanya biashara ya ubia Kampala hahitaji maelezo ya ziada. Leo wanaoshika kiwanda ni kizazi cha tano na cha sita, na kwa kuwa hawana mwenye hisa wa kumkimbilia kila robo mwaka, wamelimbikiza mapipa ya zamani kiasi kwamba mwaka 2007 waliweza kutoa mfululizo wa pipa moja kwa kila mwaka, kuanzia 1952 hadi 1994, bila kuruka. Hiyo ndiyo siri ya bei yao pia. Wiski ya miaka 25 ya viwanda vingine vyenye jina, tena mingine iliyopikwa kwa mvuke na kutiwa rangi, inaanzia mbali zaidi ya hii.

Na nikiwa mtu wa makaratasi ya meli, siwezi kuliacha hili: chumba chao cha kuonjeshea wageni kimezungushiwa mbao zilizotolewa kwenye meli ya abiria Empress of Australia ilipovunjwa. Kiwanda cha wiski ndani yake kipande cha meli. Nikijaliwa kufika, nitakwenda kuzigusa mbao kabla ya glasi.

Tuliifungulia nyumbani kwa Daktari, Bugolobi, jioni isiyo na mvua na isiyo na mpira kwenye televisheni. Hilo la pili lilikuwa sharti langu. Barafu niliikataza kwa dakika ishirini za mwanzo. Glasi tulizokuwa nazo ni zile ndogo za mvinyo zenye mdomo uliobana, nazo zinafaa kabisa. Glasi pana ya mraba inaitawanya harufu kabla haijakufikia pua. Hewa ya Kampala jioni ina joto kuliko sebule ya Mskochi, kwa hiyo pombe inapanda haraka. Msiingize pua ndani. Shikeni glasi chini ya kidevu kwanza, pumueni kwa kawaida, mpandishe taratibu.

Rangi ni ya asali ya nyuki wa msituni, ile nyeusi ya Karamoja. Harufu ya kwanza iliyonipata ilikuwa ganda la chungwa lililokauka juu ya jiko, kisha zabibu kavu, kisha kahawa, na si ya unga wa kopo bali arabika ya Mlima Elgon iliyotoka kusagwa muda huo. Baada ya dakika kumi ikaja kokwa na nta, na kwa mbali kabisa mbao za kabati la nguo za mtu mzima. Daktari alisema anasikia karafuu. Mimi sikuisikia mpaka aliposema, kisha sikuweza kuacha kuisikia.

Mdomoni inaingia tamu, laini, na inatandaza mafuta ulimi mzima. Hapo ndipo moto wa chini ya chungu unapojionyesha: chini ya ule utamu kuna kitu kilichookwa, ukoko wa mkate, ambao mbao hazikuweza kuufunika kwa miaka yote ile. Halafu unakuja ukakasi wa mwaloni pembeni mwa ulimi na kwenye fizi, wa wastani, unaoukausha mdomo. Halafu kakao chungu. Na hiyo kakao haiondoki. Nilikunywa maji, nikala, nikajibu simu ya dereva aliyekwama Naluwerere, na bado ilikuwepo.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni nguvu: asilimia 43. Wiski yenye mwili huu ingebeba 46 bila kulalamika, na katikati ya mdomo, baada ya utamu na kabla ya ukakasi, kuna sehemu fupi ambapo naona maji yametangulia. La pili ni ule ukakasi wa mwisho. Ninaupenda, lakini uko ukingoni; mwaka mmoja au miwili zaidi pipani na ungevuka. Ukiwa mtu usiyependa chai ya rangi iliyokolea, utauona mkali.

Wenzangu hawakukubaliana nami wala wao kwa wao. Daktari ndiye aliyeipenda kuliko wote, akanywa fungu lake kwa vipimo vya dawa, akaandika tarehe kwenye mkanda wa gundi akaubandika kwenye chupa. Mwalimu aliisifu kwa adabu kisha akaniambia pembeni, "Mzee, ni nzuri, lakini malwa, pombe yetu ya ulezi, ikichanganyika vizuri na mrija mrefu mimi sina haja ya pua yote hii." Shemeji alitaka kuitia Coca-Cola. Nilimwambia pesa ni yake na fungu ni lake, ila akafanyie jikoni. Akaenda, akarudi, akakiri kwamba haikuonekana ndani ya soda. Fundi alikaa kimya muda mrefu akiizungusha glasi, ndipo akatoa hukumu yake: "Imelala mno hii. Ingeamshwa." Kwa lugha ya mtu wa majenereta alikuwa anasema ninachosema mimi kuhusu asilimia 43, kwa hiyo nikampa heshima yake.

Maji? Ndiyo, matone. Tone tatu nne za maji ya chupa yasiyo baridi, si zaidi, zilifungua matunda zaidi na kuurudisha nyuma ukakasi. Barafu baadaye, kwa aliyetaka, iliua harufu na kuacha uchungu. Asiyeamini ajaribu kwa fungu lake. Chakula nacho kilikuwa na matokeo ambayo sikuyatarajia. Mchomo wa mbuzi tulioagiza uliishinda, pilipili na moshi vikaifanya ionekane nyembamba. Lakini ulikuwa msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, na Daktari alikuwa na bakuli la zile zilizokaangwa kwa kitunguu bila mafuta mengi. Chumvi ile na mafuta yale ya nsenene vikakutana na kokwa na zabibu za sheri, na kwa mara ya kwanza jioni ile watu watano tukanyamaza pamoja. Chokoleti nyeusi ya kakao ya Bundibugyo nayo ilikaa vizuri, ingawa kwenye mwisho wa kinywaji uchungu ulikutana na uchungu.

Je, ununue? Nitajibu kwa mtu wa mfuko wangu. Ukiwa na jambo la kuadhimisha, na watu wanne wa kuchangia ambao hawatataka soda, hii ndiyo wiski ya umri mkubwa ambayo pesa yako inakwenda kwenye kilichomo na si kwenye boksi. Mkebe wake ni wa kawaida kabisa, chupa ni ya kawaida, lebo ni kama ya miaka ya zamani. Ukitaka tu kujua Glenfarclas ni nini, acha hii kabisa, anza na ya miaka 15. Hiyo inatiwa chupani kwa asilimia 46, ina moto ule ule na sheri ile ile, ina nguvu pale katikati ambapo ya 25 inalegea, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya hii. Mimi binafsi, wiki ya kawaida, nikipewa kuchagua moja ya kunywa jioni baada ya kazi, nitainua ile ya 15. Ya 25 ina vitu vingi zaidi vya kutafuta; ya 15 ina vingi zaidi vya kunywa.

Ukinunua hapa nchini, angalia stempu ya kidijitali ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwenye chupa, zilizoanza mwaka 2019, na usione haya kuikagua kwa simu mbele ya muuzaji. Chupa ya wiski ghali isiyo na stempu kwenye rafu ama imepita njia za panya ama imejazwa upya. Kuna watu mjini wanaonunua chupa tupu za majina makubwa kwa pesa nzuri kutoka kwa wahudumu wa baa, na hawazinunui za kuwekea maua. Kwenye baa moja ya Kololo, ambayo sitaitaja, niliuziwa kwa toti kitu kilichoitwa cha miaka 18. Kilikuwa na harufu ya vanila ya keki na kiliniachia kichwa. Tangu siku hiyo toti ya kitu ghali siinunui kama sikuona ikifunguliwa. Chupa yetu ikiisha nitaikwaruza lebo kwa kisu na kuitoboa mkebe, na nawasihi mfanye hivyo. Mwaka 2010 kule Kabale watu wengi walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli, na aliyeuza hakuwaambia kilichomo.

Kuhifadhi ni rahisi: isimame wima, pombe kali ikilala inakula kizibo cha koki, na ikae mbali na dirisha. Ikishuka chini ya theluthi, hewa iliyomo ndani inaanza kuichosha, kwa hiyo msiiwekee akiba ya Krismasi ya mwaka kesho. Ya kwetu imebaki vidole viwili, na mkanda wa gundi wa Daktari unasema muda unayoyoma.

Mchango unaofuata Fundi ameshaushinda. Anataka Glenfarclas 105, isiyo na mbwembwe za umri, asilimia 60, ambayo wamekuwa wakiitoa tangu 1968 na ambayo naamini hatalalamika kwamba imelala. Ndege hukataa pombe inayozidi asilimia 70, kwa hiyo hii inasafiri bila shida kwenye begi la mzigo, imefungwa kwenye taulo. Shemeji ameshatoa lake.